Jibu la mtaalamu: Hatukumwona fisi maji mtoni. Je, tuandike kwamba hayupo?

"Nipo kwenye kampuni ndogo inayoandaa ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira (TAM). Tumepewa kazi ya banio la umwagiliaji kwenye mto mmoja hapa Tanzania, na hadidu za rejea zinatutaka tuseme kama eneo lina wanyama wanaolindwa wanaoishi majini na nchi kavu, hasa fisi maji. Tulikwenda siku moja mwishoni mwa Aprili, mto umejaa, tukatembea kama kilomita moja upande mmoja wa ukingo. Mnyama hatukumwona. Tulikuta vinyesi viwili juu ya jiwe, vimejaa vipande vya magamba ya kaa, na alama moja kwenye tope ambayo mwenzangu anasema ni ya kiganja cha mtoto. Wavuvi wanasema fisi maji wapo na wanawachania nyavu. Bosi anataka tuandike 'hakuna fisi maji eneo la mradi'. Mwenzangu anataka tufunge kamera moja kwa wiki mbili, tumalize ubishi. Kamera itatosha? Na tukitakiwa kusema wapo wangapi, tunahesabuje?"

Ndugu msomaji, una maswali mawili uliyoyaandika na moja ambalo hukuliandika: ufanye nini bosi anapokutaka utie saini sentensi usiyoiamini. Nitaanza na hilo, kwa kuwa mengine yanalitegemea. Usiandike "hakuna". Siku moja, upande mmoja wa mto, wakati wa masika, haiwezi kubeba neno hilo hata kama msingekuta chochote. Na nyinyi mmekuta kitu. Vinyesi vyenye kaa juu ya jiwe na alama inayofanana na kiganja cha mtoto ni sababu tosha ya kurudi mtoni.

Wengi wanaoanza kazi hii huenda mtoni kumtafuta mnyama mwenyewe. Fisi maji ni mwoga na ana masikio makali, na penye watu wengi hutembea zaidi jioni na usiku. Unaweza kukaa karibu naye miezi mingi usimwone hata mara moja. Kinachosomwa ni ukingo wa mto: vyoo vyake (mahali anaporudia kuacha vinyesi), nyayo zake, mahali anapojigaragaza kukausha manyoya, mabaki ya chakula na mahali anapolala. Kwa hiyo maneno "hatukumwona mnyama" hayaongezi wala kupunguza kitu kwenye ripoti yenu.

Ni vyema pia ujue unatafuta fisi maji yupi, maana Tanzania tunao wa aina mbili na kila mmoja anautumia mto kwa namna yake. Wa kwanza ni yule mkubwa asiye na kucha, *Aonyx capensis*. Ana uzito unaoweza kupita kilo 15, mashavu na koo jeupe, na vidole vya mbele virefu visivyo na kucha wala ngozi ya kutosha kati yake. Vidole hivyo ndivyo vinavyomlisha: hupapasa chini ya mawe na kwenye tope akimtafuta kaa kwa kugusa, hata maji yakiwa machafu kiasi gani. Meno yake ya nyuma ni mapana, ya kusaga magamba. Wa pili ni mdogo, mwenye madoa shingoni, *Hydrictis maculicollis*. Uzito wake ni kilo chache tu, miguu yote ina ngozi kamili kati ya vidole na kucha za kuonekana, na chakula chake kikuu ni samaki, ambao huwawinda kwa macho. Ndiyo sababu anapenda maji maangavu yenye matete pembeni, na Ziwa Victoria ni makao yake yanayofahamika. Kisiwani Rubondo watu huwaona hata mchana. Mto ukigeuka wa tope mwaka mzima, huyu mdogo ndiye anayetaabika kwanza. Mkubwa anaweza kuvumilia, mradi kaa wapo.

Sasa tuvichukue vinyesi vyenu. Vikiwa vimekauka, vaa glavu, kivunje kimoja kwa kijiti juu ya karatasi nyeupe. Cha fisi maji mkubwa humomonyoka na kuwa vipande vipande vya gamba la kaa, vya rangi ya chungwa, vyeupe na vyekundu, ncha za magando zikiwa bado zinatambulika, na harufu yake ni ya samaki na tope. Unene wake mara nyingi ni sentimita mbili na zaidi. Cha yule mdogo ni chembamba, na ndani utakuta magamba ya samaki yanayong'aa na pingili ndogo za uti wa mgongo. Hapo ndipo tatizo lenu linapoanza, kwa sababu si fisi maji peke yao wanaokula kaa. Nguchiro wa majini hula kaa, naye pia hurudia choo kimoja. Cha kwake ni chembamba kuliko cha fisi maji mkubwa, na ukikivunja utakuta mchanganyiko: nywele za panya, mabawa magumu ya mbawakawa, pengine manyoya ya ndege. Kenge naye hula kaa, lakini kinyesi cha kenge huwa na sehemu nyeupe kama chokaa, ambayo ni mkojo wake uliokauka. Mkiona weupe huo, mwondoeni fisi maji kwenye hesabu. Vile vidonge vidogo vyenye mfuo upande mmoja, vikiwa katikati ya matete yaliyokatwa mshazari, ni vya ndezi.

Ile alama ndiyo iliyonivutia zaidi. Mwenzako si mjinga. Mguu wa mbele wa fisi maji mkubwa huacha alama ya vidole vitano bila kucha, na mtu asiyeuzoea huuona kama mkono wa mtoto au wa tumbili. Tumbili na nyani wana kidole gumba kilichokaa pembeni, kimetengana na vingine. Nguchiro huacha alama nyembamba za vidole vilivyotawanyika, vyenye kucha. Kenge huacha kucha ndefu pamoja na mburuzo wa mkia unaopindapinda katikati. Kama mlipiga picha mkiwa mmeweka rula pembeni, mna ushahidi. Kama hamkuweka rula, mna hadithi, na msomaji wa ripoti ana haki ya kuikataa. Kuanzia sasa kila kinyesi na kila unyayo upigwe picha na rula kutoka juu moja kwa moja, kisha picha ya pili ya kuonyesha mahali kilipo, pamoja na majira ya nukta (namba zinazoonyesha mahali) kutoka kwenye GPS.

Halafu kuna suala la msimu. Aprili mwishoni mto umejaa, na maji hayo ndiyo yanayofua vyoo vyote vilivyo juu ya mawe ya chini, fukwe za mchanga na magogo yaliyolala, yaani zile sehemu hasa ambazo fisi maji huzipenda. Mvua kubwa moja inafuta kazi ya wiki nyingi. Vinyesi viwili mlivyovipata ni vile vilivyokuwa juu ya mstari wa mafuriko, au vilivyowekwa siku chache kabla hamjafika. Kwa hiyo kupata viwili katika hali ile ni habari kubwa kuliko inavyoonekana.

Tuweke kwa hesabu ndogo, ya mfano tu. Tuseme fisi maji wapo, na kwamba ziara moja wakati wa kiangazi ina nafasi ya nusu kwa nusu ya kukuta dalili. Ziara moja itawakosa mara 5 katika 10. Ziara tatu zitawakosa zote mara 1 tu katika 8, na ziara tano mara 1 katika 32. Sasa chukua ziara za wakati wa mafuriko, ambapo nafasi ya kukuta dalili imeshuka hadi 2 katika 10. Ukienda mara tatu, bado utatoka mikono mitupu zaidi ya nusu ya nyakati, ilhali wanyama wapo pale pale. Ndiyo maana watu wa takwimu hutenganisha mambo mawili: kama mnyama yupo, na kama sisi tuna uwezo wa kumgundua akiwepo. Ripoti nyingi ninazozisoma huyachanganya, na mradi hupitishwa juu ya makosa hayo. Kurudia ziara kwenye vipande vile vile vya mto, na kuandika kila ziara ilikuta nini, ndiyo njia pekee ya kuvipima vyote viwili.

Kwa hiyo rudini kiangazi, maji yakiwa yameshuka na siku kadhaa zimepita bila mvua kubwa. Kipande cha mita 600 ni kipimo kinachotumika sana katika utafiti wa fisi maji, nami nakipendekeza. Wekeni vipande kadhaa: kimoja kwenye eneo la banio lenyewe, vingine juu yake, vingine chini yake mpaka mwisho wa sehemu ya mto itakayoathiriwa na kuchepushwa kwa maji. Kila kipande kitembewe kingo zote mbili, mkitafuta hasa ndani ya mita 10 hivi kutoka majini. Msitembee kwa mwendo mmoja. Pitieni haraka kwenye kingo tupu, kaeni kwenye makutano ya vijito, mawe yaliyochomoza, mizizi ya miti mikubwa iliyochimbuliwa na maji, chini ya madaraja, magogo yaliyoanguka, na visiwa vidogo vya mchanga. Nyasi zilizolala chali kwenye duara karibu na maji, zikiwa na kinyesi pembeni, ni mahali pa kujikaushia. Ziara tatu kwa kila kipande ningeziita kima cha chini, na mtu wa ziara ya pili asiambiwe wa kwanza alikuta nini.

Na mkitembea, andikeni makazi, si dalili peke yake. Kina cha maji, mawe ya chini yapo au yamefunikwa na mchanga, upana wa matete, kingo zimelimwa mpaka wapi, ng'ombe wanashukia wapi, kaa wanapatikana ukigeuza mawe kumi au la. Hili wengi hulipuuza kwa kuwa halina msisimko, lakini banio haliui fisi maji kwa kumgonga. Linachofanya ni kupunguza maji ya kiangazi chini yake, kujaza mchanga kwenye mawe wanamoishi kaa, na kukata mizizi na matete wanamolala wanyama. Ukijua makazi yalivyo leo, utaweza kusema kiasi gani cha maji kisichepushwe na ukingo upi usiguswe. Bila hilo, utakuwa na orodha ya vinyesi tu.

Kuhusu kamera. Haitatosha, na sababu yake inapendeza kuielewa. Kamera nyingi za kutega hazioni mwendo peke yake. Kihisi chake husubiri kitu chenye joto tofauti na mazingira kipite mbele yake. Manyoya ya fisi maji ni mazito sana na hunasa hewa, ili joto la mwili lisitoke akiwa majini. Anapopanda ukingoni akiwa ameloa, ngozi yake ina joto lakini uso wa manyoya una ubaridi uleule wa maji. Kamera inamtazama na haimwoni. Yule yule akipita baada ya kujikausha, inampata. Kamera moja kwa wiki mbili ikirudi tupu itawapa bosi na mwenzako uhakika wa uongo, na hilo ndilo ninaloliogopa.

Hiyo haimaanishi muiache kamera. Itumieni baada ya kuwa mmepata choo kinachotumika, si kabla. Ifungeni chini, usawa wa goti au pungufu, mita mbili au tatu kutoka kwenye choo, iangalie pale anaposimama na kuzunguka badala ya njia anayopita kwa kasi. Iwekeni irekodi video, au ipige picha kila baada ya muda fulani bila kungoja kihisi. Kateni majani yanayopepea mbele yake. Na funga kamera zaidi ya moja, juu ya mstari wa maji ya mafuriko. Mto ukipanda usiku hautakusubiri.

Utasikia pia kuhusu kupima vinasaba kwenye maji. Unachota maji, maabara inatafuta chembe za DNA zilizodondoka kutoka kwa wanyama. Ni njia nzuri na inakua haraka, lakini kwa fisi maji bado huwakosa mara nyingi kuliko inavyowakosa samaki, na mto huzibeba chembe hizo, hivyo jibu la "ndiyo" linakuambia yuko mahali fulani juu ya ulipochota, si kwenye banio lako. Kama bajeti ipo, iwe nyongeza.

Mimi, kwa hatua ya kwanza, ningewaamini wavuvi kabla ya kamera, ilimradi waulizwe vizuri. Ukimuuliza mtu "fisi maji wapo hapa?" atajibu unachotaka kusikia. Mwombe akueleze wanyama wote anaowaona majini, mmoja mmoja: ukubwa, mkia, rangi ya koo, anakula nini, anaonekana saa ngapi. Kisha mwonyeshe picha kadhaa, ukichanganya nguchiro, kenge, ndezi, fisi maji wote wawili, na mnyama mmoja ambaye hakika hayupo Afrika. Akimtambua huyo wa mwisho, yachukue majibu yake kwa tahadhari. Malalamiko ya nyavu yasikilizwe kwa uzito wake pia. Uzi unaochanika ni hasara ya kweli kwa mvuvi, ingawa wakati mwingine mchanaji ni kenge au mamba. Na kwa kuwa mwenye hasira ya nyavu anaweza kuwadhuru wanyama hawa, maeneo halisi ya mapango na vyoo yasiwekwe kwenye ramani ya ripoti itakayosambazwa. Yawe kwenye kiambatisho cha siri, kwa mamlaka peke yake.

Wapo wangapi? Hapa nitakukatisha tamaa. Vinyesi havihesabu wanyama. Ni sawa na kuhesabu bahasha posta ili ujue mji una watu wangapi. Fisi maji mmoja huacha vingi kwa usiku mmoja, na kiasi anachoacha hubadilika kwa msimu na kwa hali yake. Mtafiti Hans Kruuk, aliyefuatilia fisi maji wa Shetland huko Uskoti kwa miaka mingi, alionyesha kwamba wingi wa vinyesi nchi kavu huongezeka wakati wa baridi na kupungua sana majira ya joto ya huko, bila idadi ya wanyama kubadilika kwa kiwango hicho. Isitoshe, eneo la fisi maji mmoja mkubwa linaweza kuzidi kilomita kumi za mto, kwa hiyo dalili kwenye vipande vyenu vyote zinaweza kuwa za mnyama yule yule. Kinachoweza kusemwa kwa uaminifu ni vipande vingapi vina dalili kati ya vilivyokaguliwa, na katika ziara ngapi. Anayedai idadi kamili aelezwe kwamba inahitaji vinyesi vibichi, maabara ya vinasaba na muda mrefu.

Kwa upande wa sheria, aina zote mbili shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeziweka katika kundi la wanaokaribia kuwa hatarini, na fisi maji wote duniani wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea; kabla ya kupeleka kinyesi maabara ya nje, ulizeni kwanza vibali vinavyotakiwa. Hapa nchini, utafiti wa wanyamapori huratibiwa na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na vibali vya utafiti hutolewa na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kabla ya kukusanya sampuli au kufunga kamera, waulizeni TAWIRI kazi yenu inaangukia wapi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zenye kuhatarisha hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 za mto. Banio lazima likae majini, hilo linaeleweka; kambi ya ujenzi, machimbo ya mchanga na barabara ya malori hazilazimiki.

Usalama nausema kwa ukali. Msitembee mtoni alfajiri wala magharibi, msiwe chini ya watu wawili, na mmoja awe mwenyeji anayejua viboko wanapolala na mamba wanapoota jua. Njia pana iliyolala nyasi kutoka majini ni ya kiboko. Msisimame katikati yake. Msiingie kwenye matete marefu msikoona mbele. Maji yaliyotulia yenye konokono yana kichocho, kwa hiyo vaeni mabuti. Mkipata shimo lenye dalili mbichi, msiingize mkono wala tochi, piga picha ukiwa mbali na uondoke. Na msizoe vinyesi vyote kwenye choo kimoja, maana ndivyo wanavyoambiana nani anatumia eneo hilo.

Kwenye ripoti ya sasa, kama mnalazimika kuwasilisha kitu kabla ya kiangazi, andika hivi: "Ziara moja ilifanyika mwishoni mwa Aprili wakati mto umejaa, kwenye kilomita moja ya ukingo mmoja. Vilikutwa vinyesi viwili vyenye mabaki ya kaa na alama moja ya mguu, ambavyo vinaweza kuwa vya fisi maji asiye na kucha au vya nguchiro wa majini. Wavuvi wameripoti uwepo wa fisi maji. Uwepo wao haujathibitishwa wala kukanushwa, na ukaguzi zaidi wa kiangazi unahitajika kabla ya kuidhinisha mahali pa banio." Sentensi hizo bosi anaweza kuzitetea mbele ya chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. "Hakuna" hawezi kuitetea siku mtu mmoja atakapotokea na video ya simu, na kurudia tathmini ujenzi ukiwa umeanza kutawagharimu kuliko ziara tatu za kiangazi. Mwambie hivyo hivyo, kwa heshima, na ikiwezekana kwa maandishi.

Yapo mazingira ambayo maelezo ya kuandika kama haya hayatoshi na mnahitaji mtu aje mtoni. Mkikuta pango linalotumika ndani ya eneo la ujenzi, mkiona watoto wa fisi maji, mto ukiwa unaingia au kutoka kwenye hifadhi, au mkikuta mzoga au mtego, simamisheni kazi kwenye kipande hicho na muwasiliane na TAWIRI au TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori), na mwombe mtaalamu wa mamalia kutoka chuo kama Sokoine aje aone kwa macho. Bodi ya maji ya bonde lenu nayo ihusishwe mapema, kwa kuwa ndiyo inayotoa kibali cha kutumia maji na ndiyo yenye takwimu za mtiririko wa kiangazi mtakazozihitaji.

Kwa sasa nitumie zile picha za vinyesi na alama, hata kama hazina rula. Kama jiwe lile bado lipo, mkirudi lipimeni na mlipige picha kutoka pembe ile ile. Kwa kulinganisha na jiwe tunaweza kupata unene wa vinyesi, na huenda hilo likamwondoa nguchiro kabla hata hamjapanga ziara ya kwanza.